Taa ya Mkiani

Kijiwe cha Spika kipo Ujiji, mbele ya kibanda cha Pazi fundi redio, na kiliitwa hivyo kwa sababu benchi lake ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya maboksi mawili ya spika zilizokufa tangu enzi za kaseti. Wenye kijiwe wanajulikana. Pazi mwenyewe wanamwita Waya, kwa kazi yake na kwa wembamba wake. Gasper, muuza mawese wa soko la Mwanga, ni Gazeti, maana hapitwi na habari, na ikikosekana anaitengeneza. Khalfani, mwenye mtumbwi wa dagaa, ni Mbalamwezi, kwa kuwa huonekana kijiweni siku zile tu ambazo mwezi ni mkubwa na dagaa hawafuati taa. Bi Nasma, mwenye birika la kahawa na sinia la kashata, hana jina la utani. Aliyejaribu kumpa alinyimwa kahawa wiki nzima. Na Mwalimu Anatoli, aliyefundisha fizikia miaka thelathini na moja, ni Ampia. Jina hilo alipewa na wanafunzi, naye analipenda kuliko lile alilobatizwa nalo.

Jumamosi hiyo asubuhi Ampia alifika na donge kooni. Tangu shule zifunguliwe, kijiwe kilikuwa kimepata wimbo mpya, na wimbo wenyewe ni Madamu Winfrida. Madamu Winfrida kafanya hivi, Madamu Winfrida kasema vile. Binti wa miaka ishirini na saba, kaja juzi tu kufundisha fizikia kwenye ile sekondari aliyostaafia Ampia, anakaa meza ileile, anashika chaki zilezile. Gazeti, ambaye bintiye Agnesi yuko kidato cha pili, alikuwa amempelekea Madamu dumu la mawese. Mbalamwezi alimpelekea migebuka, tena mibichi, imefungwa kwa jani la mgomba. Ampia alikuwa amefundisha watoto wa Ujiji mpaka akafundisha na watoto wa watoto wao, na alichowahi kuletewa ni shikamoo. Tuseme tu ukweli, mzee alikuwa na wivu. Haukuwa wivu wa kimyakimya, ulikuwa ule unaomfanya mtu akose usingizi akihesabu samaki wa mwenzake.

Bi Nasma alimmiminia kikombe. Hata hakijafika mdomoni, Gazeti akafungua ukurasa wa kwanza.

— Mmesikia ya juzi? Madamu kafuta neno darasani.

— Anafutaje neno? Waya aliuliza, koleo mkononi.

— Kafuta kula. Kasema umeme hauliwi. Agnesi kaandika kwenye daftari, nimelisoma mwenyewe. Mwanafunzi akisema taa inakula umeme, anasimamishwa, anaambiwa aseme upya. Kasema neno hilo ndilo limewapoteza watoto wa huku miaka nenda rudi.

Kijiwe chote kiligeuka kumtazama Ampia. Hapakuwa na mtu Ujiji asiyejua neno hilo limetoka wapi.

Somo lenyewe lilikuwa maarufu kama harusi. Kila mwaka, kidato cha pili, Ampia alichora ubaoni betri moja na taa tatu kwenye waya mmoja, kisha akaligeukia darasa na kusema: betri ni sufuria ya ugali. Taa ya kwanza iko karibu na sufuria, inamega tonge la kushiba. Ya pili inakuta ukoko. Ya tatu inakula makombo. Darasa lilikuwa likicheka mpaka la jirani linagonga ukuta. Baada ya hapo aliandika kanuni, akakokotoa mkondo wa umeme, na kwenye hesabu ukatoka uleule kwenye taa zote tatu, kama vitabu vinavyotaka. Wanafunzi waliinakili hesabu wakafaulia mtihani. Mtihani ulipokwisha waliisahau, wakabaki na ugali.

Mbalamwezi alikuwa mmoja wao, miaka ya tisini. Alipopata mtumbwi wake, na karabai zilipoondoka zikaja taa za betri, aliupeleka ugali ziwani. Taa mpya na nzuri akaifunga karibu na betri, ikale ishibe. Iliyochakaa akaipeleka nyuma kabisa, akaiita taa ya mkiani. Wenzake walimwiga, kwa kuwa alikuwa mtu aliyesoma, na desturi ikashika mwalo mzima, mitumbwi yote inayoegesha hapo. Mpaka leo mvuvi anayekaa kwenye taa ya mkiani, kitoweo chake wakifika ufukweni ni nusu bakuli, wakati wenzake wanapewa bakuli zima. Wanasema taa yake inakula makombo, na dagaa wanaoifuata ni makombo ya dagaa.

— Umeme hauliwi, Ampia alisema taratibu. Haya. Na betri ikiisha, kaimaliza nani?

Hilo lilikuwa swali, na kijiwe kikaona raha, maana penye swali ndipo kahawa inaponoga.

Gazeti ndiye aliyetangulia. Alidai jibu liko wazi kwa mtu yeyote mwenye macho: mtumbwi una maji chini, na maji na umeme ni ndugu, kwa hiyo anayekunywa umeme ni ziwa. Ziwa Tanganyika halina kina cha mchezo, hapo chini pana kiza cha tangu dunia kuumbwa, na lazima kuna kitu huko kinachotaka mwanga. Akamalizia kwa methali, kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Waya akamuuliza upwa na betri wapi na wapi. Gazeti akasema mwenye akili ameshaelewa.

Bi Nasma alikuwa na yake. Umeme wa zamani, alisema, ule wa jenereta za hapahapa, ulikuwa mwenyeji na ulijua nyumba za watu. Huu wa gridi umetoka mbali, umelala njiani kwenye mapori, unafika umechoka, na mgeni aliyechoka hula sana. Kwa hiyo si taa inayokula umeme, ni umeme unaokula taa. Ndiyo maana globu zinaungua siku hizi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mama, wenyeji hawaponi hapo, wanaungua, Waya alimwambia.

— Nimesema kwa mafumbo.

Mbalamwezi naye alisema huwa anaona taa zikipungua nguvu kila anapopanda mtu mwenye deni la nadhiri. Akamtaja mmoja kwa jina, na wote wakakubali kwamba huyo kweli hupunguza nguvu hata ya kikombe cha kahawa. Ampia aliyasikiliza yote hayo akawa anapoa. Watu waliokuwa wakisema upuuzi walikuwa watu wake, upuuzi wao ulikuwa umetokana na mkono wake, na angetaka angewasahihisha wote kwa sentensi moja.

Kisha Gazeti akaharibu.

— Lakini Madamu kaeleza vizuri, bwana. Mimi sikusoma fizikia, ila nimeelewa. Kasema umeme ni kama mnyororo wa baiskeli. Unaingia kwenye gurudumu, unatoka, unarudi kwenye pedali. Hakuna kipande cha mnyororo kinachobaki huko. Anayechoka ni mpanda baiskeli, na mpanda baiskeli ni betri.

Waya akaacha koleo. Mbalamwezi akatikisa kichwa kwa kukubali, polepole. Hata Bi Nasma alisema, kumbe.

Ampia alihisi kama kapigwa kofi. Miaka ishirini alikuwa ametoka nyumbani kwake Simbo mpaka shuleni kwa baiskeli, asubuhi na jioni, masika na kiangazi. Mnyororo ulimkatikia, aliutia grisi, ulimlia suruali mbili. Alikuwa akishuka kwenye baiskeli hiyohiyo, akaiegemeza ukutani, akaingia darasani kufundisha ugali. Mfano ulikuwa chini ya makalio yake muda wote, na kaja mtu wa jana kauokota.

Ndipo Madamu Winfrida mwenyewe akatokea. Alishuka kwenye bodaboda, kijaluba mkononi, akaja moja kwa moja mpaka kwenye benchi na kupiga magoti kidogo mbele ya Ampia.

— Shikamoo, Mwalimu.

— Marahaba.

Alikuwa amefuata globu za tochi alizomwagiza Waya, zile za kizamani zenye waya ndani, kumi na mbili, kwa ajili ya watoto kuunga wenyewe darasani. Waya alimhesabia zile nzima, zikaingia kijalubani. Madamu alishukuru, akamgeukia tena Ampia. Alisema watoto bado wanamtaja, na kwamba angefurahi sana siku moja akaja kukaa nao kwenye jaribio.

— Karibu sana darasani, Mwalimu. Kule ni kwako.

Alisema kwa moyo mweupe, na mtu yeyote asiye na donge angeuona moyo huo. Ampia alisikia kitu kingine. Alisikia akialikwa kama mgeni kwenye nyumba aliyoijenga. Alijibu kwamba ataangalia nafasi, yeye ambaye ratiba yake ya wiki nzima ilikuwa benchi hilo.

Bodaboda ilipoondoka, Gazeti alisema binti ana adabu. Mbalamwezi akasema ana adabu na ana kichwa. Kisha akatamka lile ambalo Ampia alikuwa akiliogopa tangu shule zifunguliwe.

— Mwalimu, usinielewe vibaya. Ila mwezi ukipungua nataka nimwombe Madamu aje mwaloni aziangalie taa zangu. Kama umeme hauliwi, basi tumezifunga ovyo miaka yote.

Hapo mzee aliona kila kitu kinaondoka. Dumu la mawese lilikwenda, migebuka ikaenda, sasa na ziwa linakwenda. Mwalo mzima ulikuwa ukifunga taa kwa neno lake. Kila giza likiingia, mamia ya taa zilikuwa zikiwaka juu ya maji kwa mpangilio wa Ampia, naye alikuwa akiziona kutoka kilimani na kuringa peke yake. Wakimwita yule binti mwaloni, yeye atabaki babu mwenye kofia.

— Hakuna haja ya kumsumbua mwanamke wa watu, alisema. Waya, leta betri. Tuone hapahapa.

Kijiwe kilichangamka. Waya alileta betri mbili za tochi, vipande vya waya, na kopo la globu zilizobaki.

— Nichagulie mbili, Mwalimu, wewe ndiye mtaalamu.

Ampia aliingiza vidole koponi. Globu nzuri zilikuwa zimekwenda na Madamu, lakini bado palikuwa na kama tano hivi. Aliokota moja, kioo chake kisafi. Akaokota nyingine, safi vilevile, akaishika kidogo, akaiachia. Vidole vyake vilikuwa vimegusa ya tatu, ambayo kioo chake kilikuwa kimeingia weusi kwa ndani kama chemli iliyokosa kusafishwa. Alijua anachokifanya. Hesabu aliyowaandikia watoto miaka thelathini na moja ilikuwa kichwani mwake, nzima, na ilikuwa ikimwambia kwamba globu mbili za namna moja kwenye waya mmoja zitawaka sawasawa. Aliichukua ile nyeusi akaifunika kwa kiganja.

— Hii mbele, karibu na betri, alisema akimpa Waya ile safi. Hii nyuma.

Waya aliunga. Alikunja waya, akabana betri kwa kidole gumba, na globu zikawaka. Ya mbele ilitoa mwanga mweupe wa kupendeza. Ya nyuma ikatoa mwanga wa kahawia, wa mgonjwa.

— Haya, sasa, Bi Nasma alisema. Ya kwanza imeshiba.

— Ya pili inalamba mwiko, Gazeti aliongeza. Mla ni mla leo, mla jana kala nini.

Walicheka wote. Mbalamwezi alimpiga Ampia begani, akasema ng'ombe hazeeki maini. Bi Nasma alimjazia kikombe bila kuombwa. Gazeti alikuwa ameshaanza kuitengeneza habari atakayoipeleka Mwanga, ya mzee aliyemshinda msomi kwa betri mbili. Ampia alikunywa, na kahawa ile chungu ilikuwa tamu kuliko kashata. Hakujionea aibu hata kidogo wakati ule. Alijiambia kwamba ukweli utawafikia tu siku nyingine, kwa njia nyingine, asipokuwepo yeye.

Katikati ya vicheko hivyo alifika mtu. Alikuwa mrefu, mkavu, amebeba wavu begani, na alisimama hatua tatu kutoka kwenye benchi kama asiyetaka kuchukua nafasi. Alipiga makofi mepesi ya salamu.

— Mwakeye.

— Mwakeye, waliitikia wale waliojua Kiha, na wengine wakaitikia hivyohivyo.

— Huyu ni Leonardi, Mbalamwezi aliwaambia. Mvuvi wangu. Kaniletea wavu niutazame ulipochanika. Leonardi, njoo uone. Hiyo ya nyuma ndiyo wewe.

Leonardi hakuwa mtu wa vijiwe. Hakusoma, alitoka shambani akaingia ziwani, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekaa mkiani mwa mtumbwi wa Mbalamwezi. Aliweka wavu chini, akachuchumaa mbele ya zile globu. Alizitazama kwa muda mrefu, kama anayemtazama ndugu kwenye picha.

— Hii ndiyo yangu, alisema.

— Ndiyo hiyo.

— Inakula makombo kwa kuwa iko nyuma.

— Mwalimu huyu hapa ndiye aliyetufundisha.

Leonardi alimwinamia Ampia kwa heshima, kisha akamgeukia Waya.

— Mzee, ikija mbele itashiba?

Hakuuliza kwa ujanja. Aliuliza kama mtu anayetaka kuiona taa yake ikila vizuri walau mara moja. Ampia alifungua mdomo kusema kwamba betri zitaisha bure, lakini Waya ni fundi, na fundi akiulizwa jambo na waya ziko mkononi hasubiri. Alizikata, akazigeuza. Ile ya kahawia ikaja mbele, karibu na betri. Ile nyeupe ikaenda nyuma. Akabana.

Ya mbele iliwaka kahawia. Ya nyuma iliwaka nyeupe.

Waya alizigeuza tena, na tena, na kila mara mwanga mbovu ulihama pamoja na globu yake. Aliinyanyua ile ya kahawia, akaipangusa kwa shati, akaiinua kwenye jua.

— Hii globu ni chakavu, alisema. Kioo kimeingia weusi. Hii hata ukiilaza juu ya betri itakuwa hivihivi.

Alimtazama Ampia mara moja tu, kisha akatazama pembeni, na Ampia akajua kwamba fundi ameelewa nani alizichagua. Aibu ilimpanda kuanzia miguuni. Lakini Waya hakumsema. Alimgeukia Mbalamwezi.

— Ile taa ya mkiani kwako, huwa ipi?

Mbalamwezi alijikuna shavu.

— Ya zamani. Mpya ikinunuliwa inakaa mbele, ya mbele inarudi nyuma, mpaka iliyochoka kuliko zote inafika mkiani.

— Na mkiweka mpya mkiani?

— Hatujawahi.

— Miaka yote hiyo?

— Kwa nini tuweke mpya mahali pa makombo?

Bi Nasma alikuwa ameshika birika hewani na hakumimina. Ampia aliona mwalo mzima mbele ya macho yake, taa zote zile za ziwani alizokuwa akizionea fahari kutoka kilimani, na nyuma ya kila mtumbwi mtu mmoja aliyekaa kwenye kiza kidogo zaidi. Yeye asubuhi hiyo alichagua globu mbovu akaiweka nyuma mara moja, kwa wivu. Wao walikuwa wakifanya hivyo bila wivu wowote, kwa kumwamini. Akatamani wivu urudi, maana ulikuwa mwepesi kuliko hiki kilichokuja.

Leonardi alikuwa bado amechuchumaa. Alikuwa akifikiri, na alifikiri polepole, kidole chake kikienda kutoka globu moja hadi nyingine. Alipomaliza, aliinua uso. Kwa macho alimpita Mbalamwezi aliyemgawia kitoweo miaka kumi na tisa, akampita fundi, akamtazama mtu mwenye elimu, kama anavyotazamwa mtu ambaye hawezi kukukosesha jibu.

— Kwa hiyo Mwalimu, taa ilikuwa haili makombo. Aliyekuwa anakula makombo ni mimi?

Mbalamwezi alitazama ndala zake. Waya alilegeza kidole gumba, na globu zote mbili zikazimika. Ampia alivua kofia, akaishika magotini, akatafuta neno kwa Kiswahili, akalitafuta kwa Kiha, lugha ya mama yake na ya mama yake Leonardi. Leonardi hakumharakisha. Aliketi kabisa mchangani, akaukunja wavu mapajani, akangoja.